Sura ya Sita: Polisi wa Bukoba na Muleba Wakati wa Vita vya Kagera na Baada Yake

Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, kama vinavyofundishwa shuleni na kukumbukwa kila tarehe 25 Julai katika Siku ya Mashujaa, husimuliwa kama historia ya jeshi: majeshi ya Idi Amin wa Uganda yanavamia kaskazini mwa Mto Kagera, daraja la Kyaka linabomolewa, wavamizi wanarudishwa nyuma, na mwezi Aprili 1979 Kampala inaanguka. Simulizi hiyo ni ya kweli, lakini inaacha nje swali ambalo mkazi wa Bukoba au Muleba wa wakati ule hakuweza kulikwepa, nalo ni nani aliyekuwa akisimamia sheria nyuma ya mstari wa mbele, katika miji na vijiji ambavyo havikutekwa lakini vilijaa wakimbizi, wanajeshi, malori, uvumi na hofu. Sura hii inalishughulikia swali hilo. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba mzigo mzito kuliko yote wa polisi haukutokana na adui aliyevuka mpaka; ulitokana na ukweli kwamba dola, kwa sababu za haki kabisa, iliwachukua watu na vyombo vya ulinzi wa ndani na kuvipeleka vitani, kisha vita vilipokwisha ikamkabidhi polisi jamii yenye bunduki nyingi zaidi na bidhaa chache zaidi kuliko ile aliyokuwa akiilinda awali.

Ili hoja hiyo ieleweke, ni lazima kwanza kutofautisha kazi mbili ambazo kwa mbali hufanana, kwa kuwa wanaozifanya wote huvaa sare na kubeba silaha. Mwanajeshi hutumwa kumshinda adui, na sheria humruhusu kumpiga adui huyo kwa sababu tu ni mpiganaji wa upande wa pili, hata kama hajafanya kosa lolote. Polisi hutumwa kumkamata mtuhumiwa na kumfikisha mbele ya hakimu akiwa hai, akitumia nguvu ndogo inayotosha, na kila hatua yake inapaswa kuacha maandishi katika kitabu cha matukio cha kituo, katika jalada la upelelezi na hatimaye mahakamani. Sheria za kibinadamu za kivita, yaani kanuni za kimataifa zinazowalinda wasiopigana na kuwawekea mipaka wanaopigana, humhesabu polisi kuwa raia maadamu hajaingizwa jeshini. Itifaki ya Kwanza ya Nyongeza ya mwaka 1977, iliyoongezwa kwenye Mikataba ya Geneva ya 1949, inasema katika ibara ya 43 kwamba nchi inayokiingiza chombo chake cha kusimamia sheria katika majeshi yake inapaswa kuujulisha upande wa pili. Tanzania iliridhia itifaki hiyo mwaka 1983, baada ya vita kwisha, kwa hiyo mwaka 1978 hapakuwa na wajibu huo wa kisheria. Lakini tatizo ambalo ibara hiyo inalizungumzia lilikuwepo tangu zamani, na Bukoba ililijua mapema kuliko miji mingi ya Afrika Mashariki.

Vita Kuu ya Kwanza vilipozuka mwaka 1914, askari polisi wa utawala wa Kijerumani waliingizwa katika jeshi la koloni lililojulikana kama Schutztruppe, na hivyo koloni zima likabaki na ulinzi hafifu wa ndani. Bukoba haikuwa na polisi wengi hata kabla ya hapo, kwa sababu Wajerumani waliitawala kupitia wafalme wa Kihaya chini ya mwakilishi mmoja, mfumo waliouita rezidensi na ambao waliutumia pia Rwanda na Urundi. Tarehe 22 na 23 Juni 1915, majeshi ya Uingereza yaliyovuka ziwa kutoka Kisumu yaliushambulia mji, yakavunja kituo cha simu ya upepo, na baada ya ushindi kamanda wa kikosi kimojawapo, Luteni Kanali Driscoll, aliomba na kupewa na Brigedia Jenerali Stewart ruhusa ya kuwaachia askari wake wapore. Maduka na nyumba vilivunjwa, kisha Waingereza wakapanda meli na kuondoka. Tukio hilo kwa kawaida hutajwa kama aibu ya jeshi la ushindi, na ni sawa. Lakini kwa mwanafunzi wa historia ya polisi lina funzo jingine, kwamba katika saa zile mji ulikuwa na majeshi mawili, moja likikimbia na jingine likiingia, na haukuwa na mtu hata mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kuzuia wizi.

Jeshi la Polisi la Tanzania lililoikabili hali ya 1978 lilikuwa chombo cha aina nyingine, chenye chuo chake Moshi, vituo hadi ngazi ya wilaya na tarafa, na kikosi maalumu cha kutuliza ghasia ambacho wananchi wamezoea kukiita FFU. Hata hivyo, chombo hicho kiliingia vitani kikiwa na jeraha bichi. Mwaka 1976, katika mikoa jirani ya Mwanza na Shinyanga, polisi na maofisa wa usalama waliokuwa wakichunguza wimbi la mauaji waliwatesa watu waliokuwa mikononi mwao, baadhi yao wakafa, na mwezi Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu kwa kukubali dhamana ya kisiasa ya matendo ambayo hakuyafanya yeye. Kujiuzulu huko kumebaki mfano wa uwajibikaji unaotajwa hadi leo. Kisichotajwa sana ni kwamba kulitokea chini ya miaka miwili kabla ya vita, upande wa pili tu wa ziwa, na kwamba askari waliotakiwa mwishoni mwa 1978 kuwasaka majasusi na wahaini walikuwa wa jeshi lile lile lililokuwa limetoka kuonyeshwa, mbele ya taifa zima, hatari ya kutafuta ukweli kwa kipigo.

Upande wa mpaka nao ulikuwa na upekee wake. Baada ya wapiganaji wa Milton Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, kuivamia Uganda kutokea Tanzania mwezi Septemba 1972 na kushindwa, na ndege za Amin kuzipiga Bukoba na Mwanza kwa kulipiza, nchi hizo mbili zilikubaliana Mogadishu mwezi Oktoba kwamba kila upande uondoe majeshi yake hadi kilometa 10 kutoka mpakani. Kwa jeshi, hayo yalikuwa mapatano ya kusitisha uhasama. Kwa polisi yalikuwa na maana kwamba utulivu wa kila siku katika ukanda wa Missenyi ulibaki zaidi mikononi mwao, pamoja na maofisa wa forodha na mgambo, yaani raia waliopewa mafunzo mafupi ya silaha na kubaki vijijini wakiendelea na kilimo chao. Ulinzi wa namna hiyo unatosha kumkamata mwizi wa ng'ombe, wala haukukusudiwa kuzuia vifaru.

Ndege za Uganda zilipodondosha mabomu Bukoba mwezi Oktoba 1978, na mwishoni mwa mwezi huo askari wapatao 3,000 walipovuka mpaka na kuuteka ukanda wote hadi Mto Kagera, eneo la takribani kilometa za mraba 1,800, kazi ya polisi ilibadilika ndani ya siku chache. Inakadiriwa kwamba raia wapatao 1,500 waliuawa katika eneo lililotekwa na kwamba watu wapatao 40,000 walikimbilia kusini. Kiwanda cha sukari cha Kagera kiliporwa, ranchi ya Missenyi ikapoteza mifugo yake, na nyumba ziliachwa wazi. Tarehe 1 Novemba Amin alitangaza kwamba mpaka mpya ni mto; siku ya pili yake Rais Julius Nyerere alilitangazia taifa kwamba sababu, uwezo na nia ya kumpiga adui vipo; na tarehe 3 Novemba daraja la Kyaka likalipuliwa na wavamizi.

Baada ya hotuba ile, nchi ilifanya jambo ambalo haikuwahi kulifanya kabla wala haijalifanya tena. Jeshi la Wananchi lililokuwa na watu wasiofikia 40,000 lilikuzwa hadi kuzidi 150,000, na ongezeko hilo lilipatikana kwa kuwachukua mgambo wapatao 40,000, vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa, askari magereza na polisi. Mtazamo wa kijeshi unaona hapo ustadi wa kuihamasisha nchi, na haukosei. Mtazamo wa mkuu wa polisi wa wilaya, yule ambaye vituoni huitwa OCD, ni tofauti, kwa sababu katika orodha hiyo anaiona safu yake nzima ya ulinzi ikiondoka: askari wake wenye mafunzo ya silaha, mgambo waliokuwa wakilinda maghala ya kahawa na maduka ya ushirika usiku, na askari magereza waliowalinda wafungwa. Magari nayo, ambayo kwa kawaida hayakutosha, yaligeuzwa kuwa mali ya vita pamoja na mabasi na malori ya kampuni na mashirika ya umma. Wilaya ilipungukiwa na walinzi wakati ule ule ilipoongezewa watu, na ndani ya mkanganyiko huo mmoja zimo karibu shida zote zilizofuata.

Mazingira ya Bukoba na Muleba yaliongeza ugumu ambao ramani ya vita haiuonyeshi. Kijiji cha Kihaya hakifanani na kijiji cha nyumba zilizopangwa barabarani. Kila kaya imo ndani ya kibanja chake, yaani shamba la migomba, mibuni na maharage linaloizunguka nyumba, na kibanja kimoja kinapakana na kingine hadi kijiji chote kionekane kwa mbali kama msitu mmoja wa kijani, uliotenganishwa na kijiji kinachofuata na uwanda wa nyasi uitwao rweya. Doria ya miguu katika mazingira hayo huona njia na uzio, na mara chache huona nyumba. Mtu anayetaka kumficha mgeni, ng'ombe au gunia la kahawa anaweza kufanya hivyo hatua chache kutoka njiani. Upande wa mashariki lipo ziwa, na Wilaya ya Muleba ina visiwa kama Bumbire, Goziba na Ikuza, ambako wavuvi huhama kufuata samaki, jirani wa leo kesho yuko kambi nyingine, na mtumbwi wenye mashine huweza kuondoka usiku bila kituo chochote kujua. Barabara ya kusini kuelekea Biharamulo ilipita katika mapori marefu yasiyo na watu. Hata wakati wa amani, polisi wa huko walitegemea macho ya wananchi kuliko macho yao wenyewe.

Macho hayo yalikuwa na mpangilio. Balozi wa nyumba kumi, kiongozi wa chama katika ngazi ya chini kabisa ambaye Chama Cha Mapinduzi kilimrithi kutoka TANU mwaka 1977, alitakiwa kuzijua kaya zake kwa majina, kupokea taarifa za wageni wanaolala, na kuwasuluhisha wanaogombana kabla hawajafika kituoni. Wasomi wa siasa wamewajadili sana mabalozi kama chombo cha chama kuwadhibiti wananchi, na hoja yao ina uzito. Lakini katika mkoa uliokuwa umepokea makumi ya maelfu ya watu kwa majuma machache, balozi ndiye aliyeweza kusema kwamba mzee huyu ni shemeji wa fulani kutoka Bunazi na kijana yule hakuna anayemjua. Polisi wasingeweza kuifanya kazi hiyo hata kama wangekuwa mara tatu ya idadi yao. Ni haki kusema kwamba sehemu kubwa ya usalama wa raia nyuma ya mstari wa mbele ilisimamiwa na watu wasio na sare, wasio na mshahara na wasio na mamlaka ya kisheria ya kumkamata mtu.

Kutambua mtu, hata hivyo, kulikuwa na mitego. Mpaka wa Mutukula ulichorwa na wakoloni katikati ya watu waliokuwa wakioana na kufanya biashara kwa vizazi vingi. Kihaya, Kinyankole na Kiganda ni lugha za jamaa moja, na mwenyeji wa Kiziba aliyelelewa na mama kutoka upande wa pili huweza kuwa na lafudhi ambayo mtu wa Dodoma au Songea, aliyeletwa na jeshi siku chache tu nyuma, ataiona ni ya adui. Ndani ya mkoa walikuwemo Waganda waliomkimbia Amin tangu 1971, wafugaji wenye asili ya Rwanda, na wafanyabiashara waliokuwa na sababu zao za kutopenda maswali. Hapa ndipo polisi mwenyeji alipokuwa na thamani kubwa kuliko bunduki yake, kwa sababu yeye ndiye aliyeweza kusimama kati ya mwanajeshi mwenye haraka na raia mwenye lafudhi, na kudai kwamba mtu apelekwe kituoni na kuhojiwa badala ya kuhukumiwa njiani. Tuhuma za ujasusi zina ubaya mmoja zaidi: ni njia rahisi ya kumaliza ugomvi wa mpaka wa shamba. Katika nchi ya vibanja vilivyobanana, ambako kesi za ardhi hurithiwa pamoja na ardhi yenyewe, mpelelezi asiyejua historia ya koo anaweza kutumiwa na jirani mmoja dhidi ya mwingine bila yeye kufahamu.

Suala jingine ni la mamlaka. Mwanajeshi anayemwibia raia au kumjeruhi amevunja sheria ya nchi, lakini yuko pia chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taifa ya mwaka 1966, yenye makosa, makamanda na mahakama zake za kijeshi. Kinadharia sheria hizo mbili hazigongani. Kivitendo, konstebo wa kituo cha wilaya anayetakiwa kumfuata mtuhumiwa ndani ya kikosi kinachojiandaa kwenda mbele yuko katika nafasi ngumu: mtuhumiwa ana silaha nzito kuliko yake, mkuu wa mtuhumiwa anamhitaji kesho alfajiri, na umma unamtazama mtuhumiwa huyo kama mkombozi. Ndiyo maana majeshi huwa na polisi wake wa ndani, na ndiyo maana nidhamu ya kikosi, inaposhikwa na kamanda makini, ina faida kubwa kwa raia kuliko operesheni yoyote ya polisi wa kiraia. Inapolegea, polisi wa kiraia hawana cha kufanya, na waliyoyapata wakazi wa Masaka na Kampala mwaka 1979, miji iliyokombolewa kisha ikaporwa, yanathibitisha jambo hilo bila kuhitaji maelezo marefu.

Kwa upande wa kaskazini mwa mto, shida ilikuwa ya aina nyingine, kwa kuwa eneo lililokaliwa halikuwa na polisi wa kudhoofishwa. Mkataba wa Nne wa Geneva wa 1949 unachukulia kwamba eneo linapokaliwa na jeshi la kigeni, sheria za jinai za mwanzo zinaendelea kutumika na mvamizi hapaswi kubadili hadhi ya watumishi wa umma. Yaani polisi wa mji uliotekwa anaweza kubaki na kuendelea kukamata wezi bila kuwa msaliti. Kanuni hiyo inafikiria mvamizi anayetaka kutawala. Majeshi ya Amin katika ukanda wa Kagera yalikuja kupora zaidi kuliko kutawala, na wenyeji walipokimbia, dhana nzima ya kuendelea kwa sheria ilikosa watu wa kuishikilia. Yaliyotokea Goma, mashariki mwa Kongo, mwezi Januari 2025, mji ulipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 na wafungwa zaidi ya 4,000 wakatoroka gereza la Munzenze katika ghasia zilizoambatana na ubakaji na vifo vya wafungwa wanawake, yanaonyesha kwamba ombwe la namna hiyo halihitaji hata majuma mawili. Linahitaji usiku mmoja ambao walinzi wa gereza wameondoka.

Si nchi maskini pekee zilizoshindwa na hesabu hii. Uingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ikiwa na polisi waliosifiwa duniani kote na adui ambaye hakuwahi kukanyaga ardhi yake kuu, ilishuhudia makosa yaliyoandikishwa Uingereza na Wales yakipanda kutoka 303,711 mwaka 1939 hadi 478,394 mwaka 1945. Giza la lazima la usiku, nyumba zilizobomolewa na mabomu, mgao wa bidhaa uliozaa soko la magendo na polisi vijana waliokwenda jeshini vilitosha kuleta ongezeko hilo, ingawa serikali iliajiri polisi wa akiba wa kipindi cha vita kujaza mapengo. Ukraine ya sasa imechukua njia mbili kwa pamoja: polisi wake wanakusanya ushahidi wa uhalifu wa kivita na kuwahamisha raia, na wakati huo huo baadhi yao wamepangwa katika brigedi ya mapigano iitwayo Liut, iliyoundwa mwaka 2023. Uamuzi huo unaeleweka, lakini ni ule ule wa Tanzania ya 1978, na gharama yake italipwa baada ya vita.

Kwa Kagera, jina ambalo Mkoa wa Ziwa Magharibi ulipewa baada ya ushindi, gharama hiyo ilianza kulipwa mapema. Nyerere aliwaomba wananchi wajifunge mikanda kwa miezi 18. Uchumi haukupata nafuu kwa miezi hiyo wala kwa miaka kadhaa iliyofuata. Sabuni, chumvi, nguo na mafuta ya taa viliadimika katika maduka ya umma, na upande wa pili wa mpaka kulikuwa na nchi iliyoporwa, isiyo na serikali imara, ambako kila kitu kilikuwa na bei. Magendo, ambayo hayakuwa mageni katika ziwa hili, yakawa njia ya maisha ya watu wengi. Kumbukumbu yake imebaki hata katika historia ya tiba: wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa mwaka 1983 katika Hospitali ya Ndolage, Wilaya ya Muleba, na ugonjwa huo ulipewa jina Juliana, jina la kitambaa cha kuvutia kilichoingizwa na wachuuzi wa kuvuka mpaka.

Kumkamata mlanguzi katika hali hiyo kulimweka polisi mahali pabaya. Mke wa polisi naye alihitaji sabuni, na mshahara wa polisi ulikuwa umepungua thamani kama wa mtumishi mwingine yeyote. Sheria ilimtaka amshike muuza chumvi ambaye kijiji kizima kilimwona ni mwokozi, na mlanguzi mkubwa, aliyekuwa na lori na kibali cha kweli au cha kughushi, mara nyingi alipita. Serikali ilipozindua kampeni dhidi ya wahujumu uchumi mwaka 1983 chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, iliwanyima washtakiwa dhamana na mawakili na kuwapeleka mbele ya baraza maalumu. Mwaka uliofuata sheria hiyo ilibidi ibadilishwe na nyingine iliyorudisha kesi hizo katika mfumo wa mahakama. Kampeni ile ilipendwa na wengi. Kwa upelelezi wa jinai ilikuwa hatua ya kurudi nyuma, kwa kuwa polisi anayejua kwamba mshtakiwa hana wakili hana sababu ya kutafuta ushahidi mzuri.

Lakini bunduki ndizo zilizokuwa deni kubwa. Jeshi la Amin lilisambaratika likiacha silaha njiani, katika makambi na mikononi mwa watu, na maelfu ya mgambo na askari wa muda waliofundishwa kuzitumia walirudi katika maisha ya kiraia yasiyo na kazi wala bidhaa. Wengi wao walirudi kulima. Wachache waliotosha kubadilisha sura ya uhalifu hawakurudi mikono mitupu, na wizi wa ng'ombe na unyang'anyi ambao awali ulitumia mikuki na mapanga ukaanza kutumia bunduki za kivita. Wachambuzi waliochunguza kuzuka kwa sungusungu, vikundi vya ulinzi wa jadi vilivyoanza mwaka 1981 na 1982 katika maeneo ya Kahama na Nzega kisha vikaenea mikoa mingi, wanaitaja hali hiyo ya baada ya vita kuwa miongoni mwa vyanzo vyake. Wananchi walijipanga kwa sababu polisi hawakufika, au walifika mwizi akiwa ameshavuka wilaya, au walimwachia baada ya siku tatu.

Serikali ilibabaika kuhusu vikundi hivyo kwa miaka kadhaa. Viongozi wa siasa waliwasifu, polisi na mahakimu wakawashtaki baadhi yao kwa kupiga na kuua washukiwa, na mwaka 1989 marekebisho ya sheria za mgambo yakawapa uwezo wa kukamata unaolingana na wa konstebo. Hapo dola ilikiri kwa maandishi jambo ambalo balozi wa nyumba kumi wa Bukoba angeweza kulisema tangu 1978, kwamba polisi peke yao hawakutosha. Kosa la marekebisho hayo, kwa maoni ya sura hii, ni kwamba yaligawa uwezo wa kukamata bila kugawa pamoja nao wajibu wa kuandika, kutunza ushahidi na kujibu maswali ya hakimu, ambao ndio unaomtofautisha polisi na kundi la watu wenye fimbo. Polisi Jamii, mpango ulioanzishwa na Inspekta Jenerali Said Mwema baada ya kuteuliwa mwaka 2006, ulikuwa jaribio la kuziba pengo hilo, miaka 17 baadaye.

Kabla deni la kwanza halijalipwa, mkoa ulipokea la pili. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara katika muda wa takribani saa 24, wakiwemo watu walioshiriki mauaji ya kimbari na kujificha miongoni mwa wakimbizi wengine. Polisi wachache wa Kagera walitakiwa kulinda kambi ya Benaco, iliyokuwa na watu wengi kuliko mji wowote wa mkoa, wakati watuhumiwa wakuu wakiwa na wafuasi tayari kufanya fujo kila walipoguswa. Silaha kutoka Rwanda, Burundi na Kongo ziliungana na zile za zamani, na mapori kati ya Muleba, Biharamulo na Ngara yakapata sifa mbaya ya utekaji wa magari, kiasi kwamba kwa miaka mingi abiria wa Bukoba walizoea kuona basi likisimama kusubiri askari wenye silaha wapande au msafara ukamilike ndipo safari iendelee. Askari aliyepanda basi hilo hakuwa kituoni, na kesi iliyokuwa mezani kwake ilisubiri.

Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 kuhusu udhibiti wa silaha ndogo, ambayo nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika ziliitia saini, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya sheria ya zamani, zimempa polisi wa sasa zana za kisheria ambazo mwenzake wa 1979 hakuwa nazo, zikiwemo uwekaji alama kwenye silaha na utunzaji wa kumbukumbu za wamiliki. Hata hivyo, kumbukumbu haziwezi kuonyesha bunduki ambayo haikuwahi kuandikishwa. Katika miaka ya 2020 serikali imekuwa ikitangaza vipindi vya msamaha, vya Septemba na Oktoba, ambavyo mtu yeyote mwenye silaha isiyo halali anaweza kuisalimisha kituo cha polisi au ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji bila kushtakiwa, na tangazo hilo linawahusu pia warithi waliokuta silaha katika mali za marehemu wao.